Nakijwa wa Ukutani na Siku ya Wakwe

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni mama mkwe wangu, Nanzia mke wa Mchome, alasiri moja alipokuwa akikatakata shina la mgomba la kumlisha ng'ombe, nami nimeketi kizingitini namnyonyesha mwanangu. Nilikuwa nimemwomba jambo. Hakunijibu ndiyo wala hapana; alilifuta panga lake kwa jani, akaliweka chini, akaanza. Naiandika kama alivyoisema, kwa ajili ya watoto wa Ukutani wanaokulia mbali na mlima, wasije wakaulizwa wao ni wa nani wakanyamaza.

Zamani za mababu wa mababu zetu, kabla mlima haujakatwa barabara na kabla jina la Ukutani halijatamkwa na mtu yeyote, nchi yote, kuanzia msitu wa ukungu ulioko juu hadi mbuga ya miiba iliyoko chini, ilikuwa nchi moja ya mtemi mmoja, Kalinga mwana wa Sengondo, mtu aliyesikilizwa hata alipokohoa. Kalinga alizaa wana wawili kwa wake wawili. Mkubwa aliitwa Mrutu, mrefu, mwenye sauti kama radi na hasira za karibu. Wa pili aliitwa Sefue, mwenye maneno laini na kumbukumbu ndefu ya kila aliyemkosea. Kalinga akafa bila kumtaja mrithi. Mrutu akaichukua ngoma ya utemi akapanda nayo Juu. Sefue akakichukua kiti cha utemi akashuka nacho Chini. Na watu waliokuwa wakioana, wakizikana na kuombana moto asubuhi, wakaambiwa kwamba kuanzia siku ile wao ni maadui.

Vita hivyo vya ndugu vilidumu mpaka watoto waliozaliwa vilipoanza wakawa na nguvu za kuchunga mbuzi.

Katikati ya Juu na Chini, mahali ambapo mlima unajikunja kama kiganja, palikuwa na ndiva. Walio mbali na mlima huenda hawaijui ndiva: ni bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo, ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa mdomo wake yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila ukoo kwa zamu yake. Mdomo huo huzibwa kwa jiwe. Bila ndiva, mahindi hukauka kabla hayajatoa mbelewele, na maharage hayafiki hata kwenye ua. Kijiji kidogo kilichoishi kando yake hakikuwa cha Juu wala cha Chini, na mfunga maji wake alikuwa Mghweno mwana wa Kiangi mwana wa Senzia, wa ukoo ule ule ulioichimba ndiva kwa majembe ya mti.

Mghweno hakupata mtoto wa kiume. Alimpata binti mmoja, na binti huyo ndiye Nakijwa, Nakijwa Mabega ya Mwamba, Nakijwa Mfunga Maji, Nakijwa asiyepiga goti, ambaye sisi sote tumetoka kwake. Jiwe la mdomo lilikuwa la kubebwa na wanaume wawili, nao wakilibeba huku wakitukanana. Nakijwa alilibeba peke yake, asubuhi na jioni, kama mwanamke mwingine abebavyo mtungi, na akiwa amelibeba aliweza kusimama njiani akaongea na mtu mpaka maongezi yaishe.

Wanaume walimcheka. Walisema, "Huyo akiolewa, mumewe atabebwa mgongoni!"

Palikuwa na mwanamke mmoja hapo kijijini, Namkunda, mwenye ulimi mkali kuliko wote, ambaye binti yake alikuwa ameolewa na Mrutu mwenyewe kabla vita havijaanza. Namkunda aliposikia kicheko kile alisema, "Basi nitamchukua mimi. Mwanangu Makange ni mvivu wa kutembea."

Hivyo ndivyo Nakijwa alivyoolewa na Makange, na Namkunda akawa mama mkwe wake, na wote wawili wakapendana kwa namna ya watu wanaogombana kila siku juu ya chumvi.

Ndipo watu wa Mrutu wakaja wakamchukua Makange akapigane upande wa Juu. Msimu uliofuata watu wa Sefue wakaja wakamchukua Mghweno, mzee yule, akapigane upande wa Chini. Baba na mume wakafa katika pambano moja, na hakuna hata mmoja aliyejua kama hawakuuana wenyewe kwa wenyewe. Nakijwa alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Aliwabeba mmoja mmoja, akawazika bega kwa bega kwenye ukingo wa ndiva, akalifunga jiwe jioni ile kama jioni zote. Kisha akajifungua mtoto wa kike, akamwita Nasemba.

Mwaka huo mvua ikakataa. Vijito vya Chini vikawa changarawe tupu, mbegu zilikuwa ardhini zikingoja, na maji yaliyobaki katika nchi nzima yalikuwa yale ya ndiva. Watemi wote wawili wakageuza macho yao huko, na kila mmoja akaita kila mtu wake mwenye kushika mkuki.

Sefue alitangulia. Alifika na jeshi lake jioni ya kuamkia siku ile kubwa, akamkuta Nakijwa ukutani na mtoto mgongoni katika mbeleko ya ngozi ya mbuzi. Akamwambia kwa maneno yake laini, "Dada yangu, nipe jiwe hilo nikutunzie. Mrutu anakuja kukunyang'anya, nami nimekuja kukulinda."

Nakijwa akamjibu, "Ukilishika wewe leo, kesho wanangu watakuja kwako kwa magoti kuomba maji ya kunywa. Mimi sikuzaa mtu wa magoti. Kapange watu wako unapotaka, lakini ukutani hapapandi mtu na mkuki."

Sefue akatabasamu, akayaweka maneno hayo katika kumbukumbu yake, akashuka. Akawapanga watu wake kwenye mashamba ya ngazi yaliyo chini ya ndiva, kila safu ikijificha nyuma ya ukingo wa mawe. Wanaume wazee na watoto wa kijiji, pamoja na mbuzi wao, walikuwa wamefichwa katika mapango ya korongo, bonde lile jembamba linaloanzia penye mdomo wa ndiva na kushuka moja kwa moja hadi mbugani. Wanawake wa kijiji hawakujificha. Ukame ulikuwa umeupasua ukuta nyufa, na jua lilipochomoza walikuwa juu yake na matope hadi viwikoni, wakikandika.

Jeshi la Mrutu liliteremka pamoja na ukungu wa asubuhi. Ukungu ulipoinuka, majeshi mawili yakatazamana, na kila mtu akaona anawajua wale walio mbele yake, kwa kuwa Juu walikuwa wameoa Chini na Chini walikuwa wameoa Juu tangu enzi za Sengondo.

Mtu mmoja wa Chini akapaza sauti, "Sekiete! Ngao yako hiyo si ndiyo ungo wa mke wako?"

Sekiete wa Juu akajibu, "Ndiyo! Na wewe ndiye pumba, sogea nikupepete!"

Pande zote mbili zikacheka. Kisha ngoma ya Mrutu ikalia, na kicheko hicho kikawa cha mwisho kwa wengi waliokicheka.

Watu wa Juu walianza kwa kuporomosha mawe, nayo yakashuka yakirukaruka, yakivunja kingo na miguu ya watu. Lakini watu wa Sefue walilala chini ya ngazi, mawe yakapita juu yao, na safu ya kwanza ya Mrutu iliposhuka ikikimbia nyuma ya mawe hayo, wakainuka kwa pamoja kutoka ardhini kama shamba lililoota watu, wakaichoma mikuki kutoka chini. Safu ile ikaisha. Ya pili ikaja ikawakanyaga wenzake, nayo ikarudishwa. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba siku ile ni ya Sefue. Ndipo Mrutu, ambaye hakuwa mjinga, akatuma kundi la watu wepesi wakapita njia ya mbuzi iliyo kwenye genge la magharibi, wakashika kamba za miti kwa meno na mikono, wakatokea ubavuni mwa Chini mahali ambapo hapakuwa na ukingo wa kujificha. Ngazi zikaanguka moja baada ya nyingine. Jua lilipokuwa utosini, Sefue akawavuta watu wake waliobaki akawaingiza korongoni, ambako njia ni nyembamba kiasi kwamba watu wachache wanaweza kuzuia jeshi, akasimama hapo akamcheka ndugu yake.

Mrutu akasimama juu akalitazama korongo, akautazama ukuta, akayatazama maji. Akasema, "Kwa nini niwafuate kwa mikuki wakati maji yanaijua njia? Bomoeni ukuta."

Mmoja wa wakubwa wake akamwambia kwamba mapangoni mle kuna watoto.

Mrutu akasema, "Watoto hukua."

Basi watu wakatolewa wenye mitaimbo ya chuma, wakaambiwa wateremke wakaubomoe. Nakijwa akawaona wakija, na akajua kwamba ukuta ule ukivunjika watakufa watu mara mbili: kwanza wale wa korongoni, siku hiyo hiyo, kwa maji, halafu wengine wote, Juu kwa Chini, kwa njaa. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na wanawake waliochafuka matope, na wengi wao walikuwa wazee.

Lakini alikuwa anaijua nchi yake.

Katika nchi ile, kama ilivyo mlimani kwetu mpaka leo kwa wanaoshika desturi, mwanamume akikutana njiani na mama wa mke wake huacha njia, huingia majanini, hugeuza uso mpaka mama apite. Hamgusi. Hasimami mbele yake na silaha. Wakiwa na la kusema husemezana mmoja amefichwa na mlango au jani la mgomba. Mwanamume anayeweza kumkanyaga simba hawezi kumkabili mwanamke huyo mwenye mvi, na si kwa woga, ni kwa heshima ya tumbo lililomzaa anayemzalia.

Nakijwa akapaza sauti ukutani kote, "Mama zangu! Kila aliyeoza binti yake Juu, asimame mbele! Teremsheni nguo kichwani, uso wazi! Wakwe zenu wanakuja kuwasalimu!"

Wakajipanga juu ya ukuta, wanawake wazee kwa mstari mmoja, matope yakiwadondoka, Namkunda akiwa katikati. Wenye mitaimbo walikuja wakikimbia wakipiga kelele, na walipofika karibu kiasi cha kutambua sura, kelele zao zikakatika kama zimekatwa na kisu. Watu wakasimama. Watu wakageuka. Waliokuwa nyuma wakawagonga waliokuwa mbele, na mbele ya Mrutu na nchi nzima mashujaa wa Juu wakaanza kuingia majanini, wakifunika nyuso kwa ngao.

Mwanamke mmoja akaita, "Nani huyo aliyejikunja nyuma ya ngao? Si Sekiete, mume wa Nampombe wangu?"

Kutoka nyuma ya ngao ikatoka sauti ndogo, "Ndiye, mama."

"Nampombe hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Amekula?"

"Amekula, mama."

"Alikula maharage ya maji haya. Ondoa chuma chako."

Na chuma kikaondolewa.

Mrutu akaunguruma, lakini hakupotewa na akili. Akaamuru, "Waliooa rudini nyuma! Leteni vijana wasio na wake!" Wakaja vijana wengi, hawana mkwe, hawana wa kumwogopa, wakaupanda ukuta.

Hapo Nakijwa alimshusha mtoto mgongoni akampa Namkunda, akachukua mti wa kupondea udongo, mzito kama nguzo ya nyumba, akasimama juu ya mdomo wa ndiva. Akatamka maneno ambayo hayajasahauliwa:

"Ukuta huu si wa Juu wala si wa Chini. Anayetaka kuubomoa aanze na mimi."

Wakaanza naye. Wa kwanza alimpokea kifuani akampeleka majini. Wa pili na wa tatu aliwakusanya kwa pigo moja. Aliyemjia kwa nyuma alimkamata mshipi akamtupa kwenye tope la kukandikia, akazama hadi makwapa, na wanawake wakamkalia. Ukuta ni mwembamba, hauruhusu watu kumzunguka mtu, na kila aliyefika alifika peke yake mbele ya mabega yale. Alichomwa mkuki pajani akauchomoa, akauvunja, akarusha vipande viwili pande mbili, kimoja Juu na kimoja Chini. Vijana wakaanza kutazamana. Mmoja wao akasema kwa sauti, "Ngoja nami nikaoe kwanza," na wengine wakacheka bila kupenda, wakarudi nyuma.

Ndipo Mrutu akateremka mwenyewe.

Aliteremka na mtaimbo mkononi, na watu wake wakampisha, wakidhani anakwenda kupigana na Nakijwa uso kwa uso. Lakini mbele ya Nakijwa, katikati ya njia ya ukutani, alisimama Namkunda, mama wa mke wake, akiwa amemkumbatia Nasemba. Hata waliokuwa korongoni walitoka kwenye kona zao kutazama.

Namkunda akamwambia, "Baba, pita kando. Unajua huwezi kupita hapa."

Mrutu akajibu, na wote wakasikia, "Mtemi hana mkwe."

Akanyoosha mkono, akamsukuma.

Namkunda akaanguka kwa mgongo, mtoto kifuani, hakumwachia. Mrutu akamruka pale alipoanguka, akaingiza mtaimbo chini ya jiwe la mdomo kabla Nakijwa hajamfikia, akalibetua kwa nguvu zake zote. Jiwe likang'oka likaangukia ndani, na maji yakatoka mdomoni kwa mngurumo, yakaanza kuula ukuta pande zote za tundu. Nakijwa akampiga Mrutu pigo moja tu, mtaimbo ukamtoka, naye akabingirika kwenye matope.

Mrutu alipoinuka akawaita watu wake wammalize, lakini hakuna aliyesogea. Walikuwa hawamtazami yeye. Walikuwa wanamtazama yule mama mzee akijiinua na mtoto, na kila mmoja wao aliona pale mama wa mke wake. Mkuki mmoja ukaanguka chini, halafu mwingine, halafu ikawa kama mvua ya mawe juu ya jabali. Jeshi ambalo halikuvunjwa na mikuki tangu asubuhi likavunjika kwa mkono mmoja uliomsukuma mama mkwe. Mrutu akabaki amesimama na ngoma yake, na hata mpiga ngoma alikuwa ameondoka.

Lakini maji yalikuwa yakitoka, na ukuta ulikuwa ukimeguka.

Nakijwa alitazama tundu akaona kwamba mtu akilitupia mawe kutoka nje, maji yatayatapika. Ni lazima mtu ashuke kwa ndani, alikamate jiwe lile chini ya maji, alirudishe mahali pake, alishikilie mpaka ukuta ujengwe tena juu yake. Akamtazama Namkunda. Namkunda akatikisa kichwa, akasema, "Usiende, mwanangu. Mguu huo una jeraha la mkuki."

Nakijwa akasema, "Mama, mguu mmoja unatosha kushuka. Waiteni wote, wa Juu na wa Chini. Wakwe wageuzieni migongo wapate kupanda. Ila mikono iwe mitupu."

Akambusu mtoto utosini, akaingia majini.

Namkunda akalichukua baragumu la msaragambo, lile linalopigwa mlimani kuwaita watu kwenye kazi ya wote ya mfereji, akalipiga. Kisha akatamka, "Wanawake, funikeni vichwa! Geukeni!" Nao wazee wale wote wakashusha nguo nyusoni, wakaigeuzia njia migongo, na njia iliyokuwa imefungwa ikawa wazi. Sekiete alikuwa wa kwanza. Alijaza udongo katika ngao yake akakimbia nayo. Nyuma yake wakaja watu wa Juu kwa mamia, na kutoka korongoni wakapanda watu wa Chini wakiwa na mawe ya ngazi zao wenyewe zilizovunjwa asubuhi, na wakakutana juu ya tundu lile bila kuulizana. Mtu alimkabidhi jiwe aliyemchoma mkuki asubuhi ile. Vijana wasio na wake walikuja wakajipanga majini, wakawa ukuta mbele ya ukuta. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na mabega yameegemea jiwe, nao waliyahisi, kwa kuwa maji yaliacha kunguruma, yakawa yananong'ona, halafu yakanyamaza.

Jua lilipokuwa linashuka ukuta ulikuwa mzima. Wakamwita Nakijwa apande. Hakupanda. Vijana wakapiga mbizi, wakapapasa, wakakuta jiwe limekaa mahali pake sawasawa, na hakuna mtu.

Sefue akaja sasa, amevaa vizuri, kiti cha utemi kikibebwa nyuma yake. Akawashukuru wote. Akasema siku ile ameshinda, na nchi imerudi kuwa moja, wapige magoti wamwapie. Kisha akasema kwa upole, "Na huyu mama shujaa tumtendee heshima. Fungueni maji, tuutafute mwili wake tumzike."

Namkunda akasimama mbele yake na mtoto mikononi. "Alishuka kuyafunga," akasema. "Nani kati yenu atayafungua?"

Hakutoka mtu.

"Na goti ulilolitaka liko chini ya maji, mfuate ukamwombe mwenyewe."

Sefue akawatazama watu wake, akakuta wamesimama wamechanganyika na watu wa Juu, matope usoni, hata hakuweza kuwatofautisha. Aliwaita kwa majina, kwa kuwa aliyakumbuka majina yote. Halikupigwa goti hata moja. Akarudi Chini na kiti chake na watu wachache, kama Mrutu alivyorudi Juu na ngoma yake bila wa kuipiga. Na nasaba za watemi wale wawili zilizimika, na mimi mama mkwe wangu hakuweza kunitajia hata jina la mjukuu wao mmoja. Waliobaki pale, wa Juu na wa Chini, waliojenga ukuta mchana ule, hawakurudi kwa mtemi yeyote. Walijenga nyumba zao kuizunguka ndiva, wakajiita watu wa Ukutani, wakamlea Nasemba mpaka akawafungia maji. Sisi ni wao. Na hatujawa na mtemi tangu siku ile.

Kila mwaka kabla ya vuli, ndiva inapokauka yenyewe, tunasafisha matope na kuukandika ukuta. Jiwe la Nakijwa liko pale pale, maji yakifunguliwa kwa mdomo mwingine uliotobolewa kando yake, na hakuna mfupa uliowahi kuonekana. Siku ya msaragambo huo wanawake wazee husimama ukutani wamefunika vichwa, wakwe wao hupanda mikono mitupu, na jiwe la kwanza huwekwa na mama anayenyonyesha, ambaye kwanza humpa mama mkwe wake mtoto, kisha husema maneno ya Nakijwa kwa sauti, ili walio mbali wasikie ndipo kazi ianze. Mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Hilo ndilo nililokuwa nimemwomba mama mkwe: amwombe mwenyekiti wa mfereji ampe mtu mwingine, kwa kuwa sauti yangu haifiki hata ng'ambo ya uzio. Alipomaliza kusimulia alichukua panga lake akaendelea kukata mgomba, wala hatukulizungumzia tena.

Asubuhi yake baragumu lilipolia nilimfunga mwanangu mgongoni nikatangulia. Ukutani nilimpa mama mkwe mtoto, naye akamkumbatia bila kunitazama. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Nikainua jiwe nikasema, "Ukuta huu si wa Juu wala si wa Chini. Anayetaka kuubomoa aanze na mimi."

Kutoka mwisho kabisa wa ukuta mzee mmoja akaita, "Huku hatujasikia, mama Nakiete! Tuanze au tusianze?"

Nikasema tena, na safari hii mwanangu alishtuka akalia.

"Tumesikia!" akaita.

Nikaliweka jiwe mahali pake.